Mashine Chini ya Kivuko

Kilelengwani, 9 Septemba 2024

Mama yangu Kanze,

Nakuamkia kama mtoto anavyomwamkia mzazi, maana jina ulilopewa ni la mama aliyenizaa na siwezi kukuita vinginevyo, ingawa nilikubeba mgongoni na ukanilowesha shati zima. Sisi wazima. Dada yako Mbodze amejifungua mtoto wa kike, na sauti yake inasikika mpaka ng'ambo ya mto. Mama yako mdogo Josephine anasumbuliwa na goti, lakini mdomo wake hauna ugonjwa. Kaka yangu, baba yako, yupo. Mahindi ya masika yalikwenda na mafuriko, tumepanda tena.

Usishangae kupata barua badala ya simu. Simu yangu iko ndani ya mto Tana tangu mwezi wa Mei, na hamu ya kununua nyingine sina, kwa sababu wanaotaka kunipigia nawajua, na watakachosema nakijua. Naandika kwa mkono, kisha Darmi wa saiba, lile duka la kompyuta pale Garsen, anaipiga chapa na kukutumia. Jibu lako atanichapia.

Sasa shida yangu. Najua umesikia, lakini hujasikia kwangu. Ile mashine ya maji ya kikundi cha wakulima ilikuwa shamba la ng'ambo. Mto ulipopanda, nikaona itazama, nikaipakia kwenye mtumbwi alfajiri niilete upande huu. Katikati ya kivuko mtumbwi ukapinduka. Mimi nikatoka. Mashine ikabaki. Vijana walizamia siku nne pale nilipowaonyesha, wasipate hata msumari. Ndipo maneno yakaanza: Randu hakupakia mashine yoyote, Randu ameiuza Malindi. Kivuko nimenyang'anywa, amepewa Swaleh. Miaka ishirini na mitatu nimevusha watu hapa, wakiwemo maharusi na maiti, na sijawahi kumwangusha hata kuku.

Nasikia kazi yako huko Uzunguni ni kutazama chini ya maji. Je, hivyo vyombo vyenu vinaweza kuona mashine kwenye matope?

Ni mimi baba yako mdogo,
Randu Kazungu


Aberdeen, 2 Oktoba 2024

Baba mdogo, shikamoo.

Nimefurahi kwa mtoto wa Mbodze. Nilitaka kumtumia nguo za baridi, halafu nikakumbuka ni Kilelengwani, basi nitatafuta nyingine. Huku jua linaamka saa moja na nusu na linaonekana limelazimishwa. Mimi mzima, nakula, nalala.

Barua yako ilifika na sentensi moja zaidi chini ya jina lako: "Huyu mzee hajaiba. Mimi Darmi." Nadhani hukuiandika wewe.

Ndiyo, vyombo vyetu vinaweza. Kamera haifai kwenye Tana, ni sawa na kutazama ndani ya kikombe cha chai ya maziwa. Lakini sauti hupita kwenye tope. Nyambizi yetu ndogo haina mtu ndani, ni ya kubebwa na watu wawili, na puani ina sonar. Ile sonar inatoa sauti ambayo sikio la mtu haliisikii, sauti inagonga kitu na kurudi, na kompyuta inachora kilichogongwa. Wewe unajua mto kwa upondo, sivyo? Unauchoma chini, unajua hapa ni mchanga, hapa ni gogo. Basi chukulia una pondo mia tano, zimepangwa kama upepeo, na zote zinagusa chini kwa wakati mmoja, mara kumi na zaidi kila sekunde. Zamani chombo cha namna hiyo kilihitaji meli kukibeba. Sasa hivi hiki chetu cha puani ni kama kopo la maziwa ya unga, na hakili betri sana. Ndiyo kazi yangu miaka hii miwili, kukifundisha kutofautisha jiwe na gogo na kitu cha binadamu.

Lakini kabla sijamwambia bosi wangu lolote, nisaidie mambo mawili. Nieleze ni mahali gani hasa ulipopindukia na ulipajuaje. Na la pili: ile mashine naikumbuka. Huinuliwa na watu wawili, tena wanaume. Nani alikusaidia kuipakia?

Mwanao, na mama yako,
Kanze


Kilelengwani, 19 Oktoba 2024

Mama Kanze,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba, ingawa kwa haki mimi ndiye ningekuamkia. Darmi nimemkanya. Akaniambia, "Mzee, mimi natoza karatasi, maoni ni bure." Mtoto wa Mbodze ameitwa Kanze naye, kwa hiyo sasa nina akina mama wawili wa kuniamrisha.

Hizo pondo mia tano zimenichekesha, kisha zikaninyima usingizi. Mimi upondo mmoja tu umenipa makovu. Lakini nimekuelewa. Nilimsomea mama yako mdogo naye akasema, "Kama ni sauti tu inayotakiwa, si wanitume mimi?"

Mahali napajua kama ninavyojua mlango wangu. Ukingo wa ng'ambo kuna mikoma. Ukiwa mtoni, unatazama mkoma wa mbele na wa nyuma yake. Wa mbele ukiufunika wa nyuma, ukawa kama mti mmoja, hapo uko sawa na kivuko. Tulipopinduka ilikuwa mikoma imefunikana hivyo, na urefu wa pondo kumi kutoka ukingo wetu. Hapo ndipo nilipowaonyesha vijana. Si mara moja, mara nne.

Hilo la pili, siku ile nilikuwa na nguvu. Mtu akiona maji yanakuja hupata nguvu asizozijua.

Muhogo umeshika vizuri. Nguruwe mwitu bado hawajausikia.

Randu


Aberdeen, 1 Desemba 2024

Baba mdogo,

Shikamoo, na unisamehe kwa kuchelewa. Nilikuwa baharini wiki tatu, nikatapika wiki mbili na nusu. Hongera kwa Kanze mdogo. Nimemwonyesha picha yake kila mtu kazini mpaka wameanza kunikwepa.

Nina habari. Bosi wangu alikuwa anatafuta mto wa tope wa kujaribia chombo, maana maziwa ya huku ni maangavu kupita kiasi na hayatupi shida. Nikamwambia mimi nina mto. Akauliza tope lake likoje, nikamwonyesha picha ya Tana mwezi wa Mei, akacheka kwa furaha kama mtoto. Wamekubali. Mwezi wa Machi, maji yakiwa yamepungua, atakuja Ahmad, mhandisi kutoka Lamu tunayefanya naye kazi, yeye yuko Mombasa. Mimi sitaweza kuja, nimefungwa na jaribio jingine huku.

Lakini kuna jambo. Nilitafuta picha za kivuko zilizopigwa na setilaiti, moja ya Machi na moja ya Julai. Ukingo wa ng'ambo umeliwa, baba mdogo. Umeliwa sana, juu na chini ya kivuko. Mikoma unayoisema, una hakika ni ile ile?

Na nauliza tena, usinikasirikie. "Tulipopinduka," umeandika. Tulikuwa akina nani? Nikimpigia baba simu, tunazungumza mvua mpaka salio linaisha.

Kanze


Kilelengwani, 6 Januari 2025

Kanze,

Leo sikuiti mama, maana nimekasirika. Nilikasirika tangu Darmi aliponikabidhi karatasi, kabla ya Krismasi, na nimeingoja hasira ipoe ili nikuandikie kwa adabu. Haijapoa. Mtu aliyeko kwenye barafu ananiambia sijui mikoma yangu! Mikoma ni miwili, inaonekana hata na kipofu. Nikamwambia Josephine, "Huyu mtoto amesoma mpaka amepitiliza." Josephine akasema, "Basi si uende ukaitazame?"

Sikutaka kwenda. Nikueleze kwa nini: tangu Mei sijasimama pale kivukoni kutazama ng'ambo sawasawa. Vijana nilipowaonyesha, niliitupia mikoma jicho moja, nikainua mkono, kisha nikaangalia miguu yangu.

Juzi nilikwenda. Swaleh alinivusha, Mungu ambariki. Nikapanda ukingo, nikaenda mpaka kwenye shina la mkoma wa mbele. Nyuma ya ile mikoma miwili hakuna kitu, ni kichaka tu. Na mbele yake, kwenye ukuta wa udongo uliokatika, kuna mizizi ya mkoma inaning'inia hewani, na mti wenyewe hakuna. Kanze, ilikuwa mitatu. Miaka yote hiyo ilikuwa mitatu. Mimi nilikuwa nalinganisha wa kwanza na wa pili, wa tatu sina kazi nao. Wa kwanza umekwenda na maji, na macho yangu yakachukua wa pili na wa tatu yakaona ni mambo yale yale. Lakini yote mitatu haikuwa kwenye mstari mmoja. Nimepima kwa miguu: vijana walikuwa wanazamia hatua zaidi ya arobaini kutoka mahali penyewe, upande wa chini wa mto.

Nilikaa pale nikacheka peke yangu, halafu nikalia kidogo, halafu nikamwita Swaleh anirudishe. Kwa hiyo nakuomba radhi, mama yangu. Umenishinda ukiwa Ulaya.

Baba yako mguu unamsumbua, hatembei sana. Zamani alikuwa akija kula kwangu kila Jumapili baada ya kanisa. Siku hizi anasema chakula cha Josephine kina chumvi.

Randu


Aberdeen, 12 Februari 2025

Baba mdogo, shikamoo,

Haraka haraka, maana mzigo unaondoka leo. Ahmad atafika Garsen tarehe saba Machi. Atahitaji mtumbwi mpana, kamba ndefu, na mtu anayeujua mkondo. Nimempa jina lako tu, sikumpa la mtu mwingine.

Mwambie kila mtu picha itakuwa ya rangi ya kahawia na nyeusi, si kama ya simu. Kitu kikisimama chini ya maji kinazuia sauti, kwa hiyo nyuma yake panakuwa na giza. Watu wengi hutazama lile giza wakadhani ndicho kitu chenyewe. Kitu ni ule mng'ao mbele ya giza. Lakini giza nalo lina maana, urefu wake unakuambia kitu kimeinuka kiasi gani kutoka chini.

Pia usikate tamaa wakikosa siku ya kwanza. Tope linaweza kuwa limeifunika.

Sijakuuliza lile swali. Unaona?

Kanze


Kilelengwani, 11 Machi 2025

Mama yangu, mama yangu, mama yangu,

Sote wazima, Kanze mdogo ameota jino, mengine yatangoja.

Ahmad alifika Ijumaa jioni na masanduku mawili ya plastiki. Kijana mpole, anaongea Kiswahili cha kwao mpaka wazee wakawa wanamsogelea kumsikiliza tu. Jumamosi asubuhi kivuko kizima kilijaa. Wanakikundi walikuja, Waorma walisimamisha ng'ombe, hata wale walioapa kwamba nimeiuza Malindi walikuja na viti vyao. Baba yako naye alikuja, akasimama nyuma ya watu na fimbo yake.

Swaleh alinipa upondo. Miezi kumi sijaushika. Nikauchoma chini, tukatoka ukingoni.

Tukaishusha ile nyambizi, njano, imefungwa kwa waya. Ikazama, na pale pale kwenye kioo cha kompyuta mto ukafunguka. Mimi nimeishi juu ya maji haya tangu nina meno ya utoto, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona chini yake. Mchanga una mikunjo kama shuka. Samaki akapita, kambare mkubwa, kivuli chake kikimfuata. Kulikuwa na gogo refu limelala kimshazari katikati kabisa ya kivuko, na tawi moja limesimama. Nikamwambia Ahmad, "Hilo ndilo lililotupindua." Akaniangalia, akaandika mahali.

Kwanza tukaenda pale vijana walipozamia. Tupu. Nikasikia mtu ukingoni akiguna ile miguno unayoijua. Kisha tukapanda mkondo. Ahmad akaniuliza, "Hapa, mzee?" Nikasema bado. "Hapa?" Bado. Nilikuwa natazama mkoma wa pili peke yake, na ule wa kwanza nikauweka mahali pake kwa kichwa. Ulipofunika, nikasema, "Ngoja."

Ikaonekana kitu cheusi kirefu. Pekeshe, mweka hazina wetu, alikuwa amekaa na sisi mtumbwini kama shahidi, akaruka, "Mamba! Huyo mamba!" Nusura atupindue mara ya pili. Nikamshika shati nikamwambia, "Kaa chini. Hilo ni giza tu. Tazama mbele ya giza." Nilisema kama mtaalamu, mama yangu, ungeniona. Na mbele ya giza kulikuwa na gurudumu la injini. Duara, na vyuma vyake vya katikati, na bomba limekunjika. Nusu iko kwenye tope. Ahmad akasema polepole, "Wallahi hii ni pampu." Pekeshe akanishika bega, hakuliachia mpaka tulipofika ukingoni.

Vijana wakazamia na kamba. Mamba tuliwafukuza kwa debe na makelele, hakuna aliyekuja. Walipofunga, watu wakavuta, na wa kwanza kuingia majini kushika kamba alikuwa baba yako, na mguu wake huo mbovu, na shati lake la kanisani. Ilipotoka, imejaa udongo mpaka mdomoni, wanawake wakapiga vigelegele. Mwanaarusi wa kikundi chetu, aliyekuwa akinipita njiani bila salamu, alikuja akapiga magoti akaniomba radhi mbele ya watu. Nilimwinua. Si vizuri mtu kupiga magoti kwenye matope.

Kisha yule bibi Qabale, afisa wa mifugo, ambaye hapendi kuona jambo linaisha, akauliza kwa sauti, "Lakini chuma kizito hivi, mzee alipakiaje peke yake?" Nikasema siku ile nilikuwa na nguvu. Watu wakacheka, maana walikuwa na furaha. Nilipogeuka kumtafuta kaka yangu anywe chai na sisi, alikuwa ameshaondoka.

Fundi wa Garsen amesema injini imekufa lakini pampu yenyewe inafaa, kikundi kinatafuta injini nyingine. Ahmad ametuchapia ramani ya chini ya kivuko. Gogo lile tutalikata kabla ya masika, na Swaleh na mimi tutavusha kwa zamu. Ni yeye aliyetaka hivyo.

Mtoto wako mzee,
Randu


Aberdeen, 20 Machi 2025

Baba mdogo, shikamoo.

Nimesoma barua yako mara nne, na ya nne niliwasomea wenzangu kazini nikitafsiri nikilia. Picha za gurudumu tumezibandika ukutani. Chombo kimejifunza mengi kwenye mto wetu, zaidi ya miaka miwili ya maziwa ya huku, na bosi anataka kurudi mwakani kupima kivuko baada ya kivuko mpaka Kipini. Mwakani nami nitakuja.

Sasa nina jambo la kukuambia, na afadhali ulisikie kutoka kwangu. Mwezi wa Juni, Mbodze aliponitumia sauti kwenye simu kwamba watu wanasema umeiuza, mimi niliamini. Nilipokuuliza mahali, na nani alikusaidia, sikuwa nakusaidia. Nilikuwa nakuchunguza. Nilitaka niupate uongo niache kukuwaza. Wewe uliyenibeba mgongoni. Naona haya mpaka sijui nilale upande gani.

Lile swali silirudii tena. Mashine imeonekana, inatosha.

Nisamehe.
Kanze


Kilelengwani, 5 Aprili 2025

Mama yangu Kanze,

Mvua imeanza kutishia, mawingu yanakuja yanarudi. Josephine ametembea mpaka sokoni na kurudi, goti limekubali. Kanze mdogo ameng'ata kidole cha mchungaji.

Kuhusu hilo la kuamini, nilijua. Mtu aliyekuamini haulizi swali moja mara mbili. Lakini sikiliza: wengine walioamini walikaa wakaamini tu. Wewe uliamini, halafu ukatuma chombo kutoka Ulaya kuja kutazama. Hao si watu sawa. Huna deni la radhi kwangu, na usilale upande wowote mbaya kwa ajili yangu.

Juzi tumelitoa gogo. Lilichukua watu kumi na wanne na siku nzima. Nimevusha watoto wa shule jana, wote wamekaa chini, wote wamefika wakavu.

Karatasi imebaki nafasi, na kuna mtu amekuja hapa tangu saa nane, amekaa, chai yake imepoa. Ananiomba kalamu. Nampa.

Randu


Kanze mwanangu, hapa naandika mimi, baba yako. Randu ametoka nje, anasema anakwenda kuangalia mbuzi, na mbuzi hana.

Ulimwuliza nani alimsaidia kupakia. Ni mimi. Mimi kama mwenyekiti wa kikundi nilikuwa nimetangaza mtu asivuke mpaka maji yapungue. Kisha nikamwamsha ndugu yangu alfajiri nikamwambia tuvuke, maana mashine ilikuwa dhamana yangu. Alikataa. Nikamwambia mimi ndiye mkubwa. Tuliipakia sote wawili, na kurudi nikamnyang'anya upondo kwa sababu nilimwona anaogopa. Nilikuwa nimesimama mimi tulipogonga gogo.

Alinitoa mimi kwanza. Kisha akasema, nenda nyumbani ukabadilishe nguo, nitasema nilikuwa peke yangu, ili watu wasikuvunjie heshima. Hatukujua kama wangemwita mwizi. Walipomwita, nilisubiri siku moja, halafu wiki, na kila siku ilikuwa ngumu kuliko ya jana. Hajanitaja hata kwa mkewe.

Nimewaita wanakikundi kesho Jumapili baada ya ibada, pale kivukoni. Darmi hafungui mpaka Jumatatu. Kwa hiyo ukiisoma hii, nitakuwa nimeshasema.

Baba yako,
Thoya